Simu Sita, Miguu Miwili

Kwa mliochelewa kuingia, sogeeni, nafasi ipo.

Majuma matatu sasa nawasimulia nilivyojitia kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama mkwe alivunjika nyonga. Mimi, mbele ya wateja thelathini wanaokula wali wangu wa nguruwe, nikaweka nadhiri: akitoka salama chumba cha upasuaji, nitatembea na machela ya Mama Mazu, mungu wa kike wa hekalu letu, siku tisa, kwenda na kurudi, kwa miguu yangu. Akatoka salama. Duka zima likapiga makofi.

Siku chache kabla ya safari, bawasili ikaniangusha. Daktari wa mji wa Taichung akasema ni kisu, na upesi. Nikaona haya kutangaza. Ningemwambia nani? Wateja wanakula.

Basi simu yangu nikampa Mzee Posta, mpeleka barua mstaafu, aende nayo safarini, mimi nikaenda kwa daktari. Kwetu hilo si la ajabu sana. Mgonjwa asiyeweza kutembea hutuma shati lake, likapitishwa chini ya machela, likapigwa muhuri wa hekalu, likarudi na baraka. Nikajiambia, kama shati linakwenda, simu je? Shati linajua mwili tu. Simu inajua mpaka unapolala.

Siku ya kumi nikarudi nyumbani natembea miguu imeachana kama bata. Majirani wakalia machozi. Wakasema, mwoneni A-Yao, kilomita mia tatu na themanini zimemmaliza.

Sikuwakatalia.

Miezi miwili nikaila heshima ile, asubuhi na jioni. Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa kituo cha polisi, mke wangu Li-chun kanishika mkono, na askari wa zamu anamwambia mwenzake: "Ndiye huyo. Mwizi wa dhahabu ya Mazu."

Haya, tuingie.

* * *

Inspekta Liao ni mtu mpole. Hilo ndilo lililonitisha. Alinimiminia chai, akanionyesha kiti cha mbao.

"Kaa, Bwana Tu," akasema, kwa jina langu la ukoo.

"Nashukuru, nitasimama."

"Kaa."

Nikakaa upande mmoja.

"Bado maumivu ya ile safari?" akauliza kwa heshima.

"Bado," nikasema.

Mke wangu akanipapasa mkono.

Hapa niwaambie habari ya mkono huo, maana bila mkono huo mngesema huyu mtu mjinga, si aseme ukweli aende zake.

Miaka kumi na mmoja iliyopita niliuza cherehani ya marehemu baba yake. Baba yake alikuwa fundi nguo. Ile cherehani ya kukanyaga kwa miguu ndiyo iliyomsomesha Li-chun. Mimi nilitaka friji kubwa la dukani. Siku moja kaenda sokoni, karudi, kakuta friji.

Hakupiga kelele. Hakurusha hata kijiko. Aliacha tu kunishika mkono. Miaka kumi na mmoja.

Niliporudi kutoka "safari", nikachukua simu yangu kwa Mzee Posta. Nilimwachia agizo moja: mke wangu akiandika, mjibu. Nikafungua ujumbe ili nijue nilikuwa nimesema nini. Nikakuta nimesema mengi, na mengine mazuri. Siku ya tano nilikuwa nimeandika hivi: "Nisamehe ile cherehani ya baba. Nilifanya makosa na nilijua." Na yeye alikuwa amejibu: "Yaliyopita si ndwele. Umekula?"

Tangu nirudi ananishika mkono. Sokoni, hekaluni, tukiangalia televisheni. Mke wa ndoa ya miaka ishirini na miwili, ananishika kama tumekutana juzi.

Sikumuuliza Mzee Posta kitu. Mtu akikuokotea almasi humuulizi alikuwa anatafuta nini.

Inspekta Liao akatandaza karatasi mezani. Safu na safu za nambari.

"Bwana Tu, unajua mnara wa simu unafanyaje kazi?"

"Unasimama."

"Unasimama na unasikiliza. Simu ikitaka kusema, inabisha hodi kwenye mnara ulio karibu. Mnara unaandika: fulani kabisha hodi, saa fulani, akiwa upande fulani. Hauoni uso wa mtu. Haukuonyeshi nyumba. Ni kama mtu anayekuelekeza kwa kidevu: huko, upande huo."

"Kidevu tu kinamfunga mtu?"

"Kidevu kimoja, hapana. Siku tisa za videvu, inategemea."

Akanywa chai yake.

"Siku ya tano. Saa sita na nusu mchana machela iko barabara kuu, inakwenda zake. Ghafla ikakata kona."

"Hufanya hivyo," mke wangu akasema.

Kweli hufanya. Mama Mazu wa hekalu letu hana ramani. Wabeba machela hawachagui njia. Wanasema mabega yanavutwa tu, anayechagua ni yeye aliye ndani. Mwaka mmoja aliingia kituo cha mafuta. Mwaka mwingine aliingia zizi la nguruwe, akakaa humo robo saa, na nguruwe wakanyamaza.

"Ikaingia uchochoro wa kijiji cha Thau-keng," Inspekta akaendelea, "ikasimama mbele ya nyumba ya Bwana Yen. Bwana Yen hakutarajia. Alikuwa amevaa kaptula tu. Milango ikafunguliwa, watu wakamiminika, fataki, supu ya karanga kwa ndoo. Saa saba na robo machela ikaondoka. Saa saba na nusu Bwana Yen akaangalia sanamu ya Mazu aliyonayo sebuleni. Vidani saba vya dhahabu vilikuwa shingoni. Havipo."

"Maskini," nikasema.

"Mchana ule mnara wa Thau-keng ulibishiwa hodi na simu elfu kumi na moja. Elfu kumi na moja siwezi kuwaita hapa, sina viti. Basi nikauliza swali moja. Machela ilipoondoka, nani alibaki? Nikatoa wakazi wa kijiji. Nikatoa muuza tambuu na binamu zake. Unajua zikabaki ngapi?"

"Ngapi?"

"Sita. Na ya kwanza kwenye orodha ni yako."

Mkono wa mke wangu ukakaza.

"Simu yako ilibaki Thau-keng mpaka saa kumi na dakika tano. Kisha ikatoka, ikaenda kilomita kumi na tano kwa dakika kumi na mbili, ikaikuta machela. Mama Mazu anakwenda kilomita tano kwa saa, Bwana Tu. Wewe na haya maumivu yako ulikwenda sabini na tano."

Mke wangu akanigeukia. "Ulipanda gari?"

Nadhiri ilikuwa ya miguu. Hilo ndilo lililomuuma.

"Kidogo," nikasema.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa Mazu, na mwizi wa Mazu mjini kwetu hata kinyozi hamnyoi. Nikisema kweli, basi simu sikuwa nayo. Kama simu sikuwa nayo, msamaha sikuomba. Na kama msamaha sikuomba, mkono huu si wangu.

Nikaamua kuwa mwizi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe.

* * *

Aliingia na kile kigari chake cha kujishikilia, chenye magurudumu mawili mbele na mpira wa tenisi kila mguu wa nyuma. Kwik, kwik, kwik. Askari watatu wakasimama kumpisha.

"Mama!" Li-chun akaruka. "Nani kakuleta?"

"Serikali," mama akasema. "Kwa gari lenye kiyoyozi. Ninyi hamjawahi."

"Bibi Hung A-mi?" Inspekta akauliza.

"Ndiye mimi. Na usipige kelele. Nyonga ndiyo iliyoharibika, masikio ni yale yale."

"Samahani, Bibi. Nambari hii inayoishia sita nane nne, ni yako?"

"Imeandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Basi unauliza nini?"

Inspekta akakohoa. "Nambari hii, Bibi, ni mojawapo ya zile sita. Ilitembea na machela siku tisa. Kilomita mia tatu na themanini. Umetembea wewe?"

Mama mkwe akatazama magurudumu ya kigari chake. Akamtazama binti yake. Binti yake akatazama dirisha.

"Nimetembea," mama akasema.

"Bibi. Nyonga yako ilikuwa na wiki tisa tangu iwekwe."

"Mungu akikupa nyonga mpya unaitumia. Ulitaka niiweke kabatini?"

Karani kwenye kompyuta akaandika. Nilisikia vidole vyake.

"Na ulitembea na huyu mkweo?"

"Bega kwa bega."

"Vizuri. Kwa sababu simu zenu zinahama mnara kwa wakati mmoja. Ikibisha hodi hii, na hii imebisha. Zinakula pamoja, zinalala pamoja, zinakwenda msalani pamoja. Zote sita. Sasa nisaidie hapa." Akavuta karatasi nyingine. "Kwa nini mama mkwe na mkwe waliokaribiana hivyo waandikiane ujumbe mia mbili na kumi na mmoja?"

Akagonga karatasi kwa kalamu.

"Kwa siku tisa," akaongeza. "Ishirini na tatu kwa siku. Mwingine saa nne usiku."

"Njiani kuna kelele nyingi za fataki," mama mkwe akasema.

Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Sita nane nne. Nambari hiyo naijua kama jina langu. Iko kwenye bango la duka, chini ya picha ya bakuli. Mama aliisajili kwa jina lake Li-chun alipokuwa msichana, hatukubadili. Ni simu ya mke wangu.

Mke wangu, ambaye aliniambia siku hizo tisa anakwenda kwao Chiayi kumuuguza mama yake.

Kichwa kikapiga hesabu haraka, na ndugu zangu, kichwa changu kikienda haraka huwa hakifiki. Nikasema: kumbe alinifuata! Alikuwa kwenye safari. Alinitafuta katika umati siku tisa hakuniona. Basi anajua. Miezi miwili ananishika mkono akijua sikuwepo. Kanisamehe na la cherehani na la nadhiri, mwanamke gani huyu!

Machozi yakanilenga. Nikaona sasa hakuna cha kupoteza.

"Inspekta," nikasema, "mama anasema uongo kwa ajili yangu. Mwacheni mzee wa watu. Sikutembea."

Mama mkwe akageuka na kigari chake. "Hukutembea?"

"Sikutembea hata hatua moja. Nilikuwa Taichung. Nimelazwa kifudifudi."

"Kwa nini kifudifudi?" Inspekta akauliza.

"Bawasili."

Karani akaacha kuchapa. Kisha akachapa. Alichapa kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe.

"Kadi yangu ya bima itakuonyesha," nikasema. "Tarehe zote zimo. Muuguzi mmoja anaitwa Pan, atanikumbuka. Nilimkanyaga."

Inspekta akaichukua kadi, akampa karani, karani akabofya, akatikisa kichwa kukubali. Kwa dakika moja nilikuwa mtu huru. Nikamgeukia mke wangu nimshukuru kwa kunitunzia siri.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Lakini ulikuwa umelala pale kama kitu alichokisahau mtu.

Alikuwa hajui.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema polepole, "nyonga yangu imepona kwa sababu gani?"

"Daktari, mama," nikasema.

"Wewe nyamaza. Miezi miwili nafukiza ubani kwa ajili ya miguu yako. Kumbe ningefukizia wapi!"

Askari wa mlangoni akatoka nje ghafla. Tukamsikia anakohoa ukumbini, kikohozi cha kicheko.

Li-chun hakucheka. "Simu ulimpa nani?" akauliza.

"Mzee Posta."

Akafumba macho.

"Na mimi," akasema.

* * *

Mzee Posta alikuwa ameketi benchi la nje tangu asubuhi, begi la turubai mapajani. Miaka sabini na mmoja, mashavu ya miguu kama magogo. Alipeleka barua mjini kwetu miaka thelathini na minane. Jina lake ni Khang, lakini ukiuliza nyumba ya Khang hakuna atakayekuelekeza.

"Mzee Khang," Inspekta akasema, "nambari yako ya simu ni ipi?"

"Sina simu."

"Huna?"

"Mtu akinitaka anakuja. Naishi mkabala na hekalu."

Inspekta akazitazama karatasi zake. Mwezi mzima alikuwa anatafuta watu sita. Mbele yake kasimama mzee mmoja, na huyo mzee hayumo kwenye karatasi hata moja.

"Kwenye begi ulibeba simu ngapi?"

"Sita."

"Za nani?"

"Sisemi."

"Mzee, ni kesi ya wizi."

"Miaka thelathini na minane sikufungua barua ya mtu, wala sikumwambia jirani nani kamwandikia nani. Wawili hawa wamejitaja wenyewe, sawa. Wanne waliobaki watajitaja wakitaka. Mmoja ni mkubwa wa kamati ya hekalu, lakini sisemi."

Karani akachapa.

"Walikuomba ufanye nini?"

"Huyu bwana akaja Jumatatu: Mzee, beba simu yangu ipate baraka, mke wangu akiandika mjibu, asishtuke. Nikasema haya. Huyu mama akaja Jumanne: Mzee, beba simu yangu, nina jambo nalitafuta, Mama Mazu anifungulie njia, mume wangu akiandika mjibu, asishtuke. Nikasema haya."

"Hukuwaambia?"

"Kila mmoja alisema usimwambie mtu."

"Kwa hiyo simu zote mbili ziko begini mwako. Huyu hana simu, huyu hana simu. Nani alianza kuandika?"

Mzee Posta akaona haya. Nilimwona, masikio yalimwiva.

"Siku ya kwanza hakuna aliyeandika," akasema.

"Bila shaka hakuna."

"Nilijua kwa nini. Lakini jioni nikakaa, nikazitazama zile simu mbili. Watu miaka ishirini na miwili kwenye ndoa, siku nzima imepita hakuna aliyemuuliza mwenzake kama amekula. Niliona vibaya. Basi nikaandika kwa ya bwana: umekula? Na barua ikishatumwa lazima ijibiwe, la sivyo inakuwa imepotea njiani. Mimi sijapoteza barua. Nikajibu kwa ya mama: nimekula, na wewe? Hapo na ile nayo ikataka jibu."

"Mara mia mbili na kumi na moja."

"Yalinoga," akasema Mzee Posta.

Sikuweza kumtazama mke wangu. Nikatazama friji dogo la maji lililokuwa pale kituoni, na hilo halikunisaidia.

"Kwa hiyo hukuniomba msamaha," Li-chun akasema. Sauti ilikuwa tulivu, kama anasoma bei.

"Chun..."

"Ule wa cherehani. Haukuwa wewe."

"Haukuwa mimi," nikasema. "Lakini niliusoma niliporudi, nikaona ndivyo ningesema."

"Ndivyo ungesema lini? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja."

Mtu akibanwa hukimbilia kurusha jiwe, nami nikarusha. "Na wewe pia hukunisamehe," nikasema. "Yaliyopita si ndwele, kumbe ni maneno ya posta. Basi tuko sawa. Sikuomba, hukusamehe."

Mama mkwe akafunika uso kwa kiganja.

Inspekta Liao alikuwa anapitisha kalamu kwenye safu yake, mstari kwa mstari. Kalamu ikasimama.

"Ajabu," akasema, kama anajisemea. "Kila ujumbe hapa umejibiwa ndani ya dakika moja. Sekunde arobaini, sekunde hamsini. Ni muda wa mzee kuweka simu moja chini na kuokota nyingine. Wote mia mbili na kumi na mmoja, isipokuwa jibu moja. Siku ya tano. Ujumbe umetoka saa saba na dakika arobaini na saba. Jibu limekuja saa nane na dakika sita." Akainua macho. "Dakika kumi na tisa. Mzee, hapa ulilala?"

Mzee Posta akaangalia kamba za viatu vyake.

"Silali kazini," akasema.

"Basi dakika kumi na tisa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Sisemi."

Li-chun akanigeukia. Uso wake sikuwahi kuuona vile, hata siku ya friji. Alikuwa mtu aliyechoka kuitwa mwongo na mtu mwongo.

"Ule niliandika mimi," akasema.

"Upi?"

"Huo wa dakika kumi na tisa. Mia mbili na kumi alijiandikia na kujijibu mwenyewe, sijui na sitaki kujua. Lakini ule alinikabidhi simu mkononi. Akasema, mama, una barua. Nikausoma. Nikalia. Nikausoma tena. Nikajibu kwa kidole changu hiki. Usiniambie sikukusamehe. Nilikusamehe! Ila wewe ndiye ambaye hukuwepo."

Wasomaji wangu, nimepigwa mengi katika mkasa huu. Nililazwa kifudifudi. Niliitwa mwizi. Hilo ndilo lililoingia.

Nikataka kusema kitu. Nikataka kuomba msamaha wangu mwenyewe, wa kweli, pale pale, mbele ya karani. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Dada yangu," Inspekta Liao akasema kwa upole wake ule ule.

Alikuwa ameweka kidole kwenye karatasi.

"Jibu hilo la saa nane na dakika sita. Simu ilibisha hodi mnara wa Thau-keng. Upande wa kusini. Upande wa nyumba ya Bwana Yen."

Hata mpira wa tenisi wa mama mkwe haukulia.

"Kama ulijibu kwa kidole chako hicho," akaendelea, "basi kidole hicho kilikuwa Thau-keng. Sina mnara wa kuniambia hivyo, wala sina karatasi. Hata jina lako sikuwa nalo. Umeniambia wewe."

"Chun," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Nyamaza, mwanangu. Sema ulikuwa kwangu. Nitakula kiapo."

"Mama, umeshasema ulikuwa unatembea."

Mama mkwe akakumbuka, akaanza kukagua mpira wa tenisi wa kigari chake.

"Ulikuwa wapi hasa?" Inspekta akauliza.

Nilimbana mkono. Nilitaka kumwambia usijibu, tutafute wakili, tutafute hata Mazu mwenyewe. Mimi niliyesema kweli ili nijiokoe ndiye niliyeufungua huo mlango, na sasa anaingia yeye.

"Ndani," Li-chun akasema. "Kwenye nyumba ya Bwana Yen. Chumba cha nyuma, tangu asubuhi. Wao walidhani nimekuja kununua mchele. Kisha nikasikia fataki, watu wote wakakimbilia mbele kupiga magoti. Nikabaki peke yangu."

Inspekta akaisogeza kando karatasi yenye jina langu. Akachukua nyingine, nyeupe, akaandika tarehe juu yake.

"Na watu walipokuwa wamepiga magoti mbele, wewe ulitoka?"

"Nilitoka. Mlango wa uani. Mzee alinikuta kwenye mianzi nyuma ya nyumba, tukasubiri gari."

"Kwa hiyo gari la kilomita sabini na tano kwa saa..."

"La kukodi. Waliniletea, nikaendesha mimi."

Mzee Posta akavuta zipu ya begi lake mpaka mwisho, ingawa ilikuwa imeshafungwa.

"Hukutoka mikono mitupu, kama ilibidi usubiri gari," Inspekta akasema. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. "Ulitoka na nini, dada?"

Mke wangu akauachia mkono wangu. Kidole kimoja, kingine, kingine.

"Muulize huyu," akasema, "miaka kumi na mmoja iliyopita aliuza nini."